Tupeane uzoefu: waliolimia mpunga mkopo wa halmashauri

Jaruba Kavu: Vikundi vimeanza kuitwa kujaza fomu za asilimia kumi, ule mkopo wa halmashauri, roho imeshtuka. Mliowahi kuutia kwenye mpunga, semeni.

Mama Saro: Sisi akina mama wa Mbarali fomu tulipeleka kabla ya kusia mbegu. Maji yakafunguliwa, wenzetu wakavuruga majaruba na kupandikiza, sisi tunaambiwa njooni wiki ijayo. Mbegu yetu ya mpunga, Saro 5, inataka kuhamishwa ikiwa na wiki tatu hivi. Yetu ilizeekea kitaluni. Pesa imeingia, majirani wanatia yurea ya kukuzia! Tukapandikiza hivyo hivyo, haikuchipua. Punje bado ni maziwa, hazijakomaa, maji yakakatwa mferejini. Tukavuna mapepe, maganda matupu. Na marejesho hayakungoja mavuno: nilimwuzia dalali mpunga ungali shambani, kwa lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, bei aliyoitaka yeye. Bei ilipokuja kupanda, mimi nanunua mchele wa kilo dukani.

Ifakara Juu: Hapo kwenye dalali tuko wengi.

Mzee wa Mfereji: Riba ndiyo inayotumaliza.

Bwana Shamba Mstaafu: Mkopo wa asilimia kumi hauna riba, mzee wangu. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu.

Mzee wa Mfereji: Nimelipa riba kwa mkono wangu!

Bwana Shamba Mstaafu: Huo ulikuwa wa benki. Shikamoo, lakini tusiwapotoshe vijana.

Mzee wa Mfereji: Marahaba. Na sisi wanaume wa makamo tusiomo kwenye nne wala mbili, tukakope wapi kama si huko kwenye riba?

Binti Kyela: Kwetu mweka hazina alitoweka usiku, pesa zote kazitoa na muhuri kaondoka nao. Mumewe alikuwa ameshatangulia Tunduma. Tulilipa deni la mpunga ambao haukupandwa.

Ifakara Juu: Eeh! Alipatikana?

Jaruba Kavu: Kwani benki ilitoa kwa sahihi ya mtu mmoja?

Binti Kyela: Sahihi zilikuwa tatu. Mbili za ndugu zake.

Ifakara Juu: Mungu wangu. Msiweke ndugu kwenye sahihi.

Kijana wa Pawatila: Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii kwa mambo kama hayo, ikarudi 2024. Ushauri wangu: usikope kwa ajili ya jaruba, kopa pawatila, katrekta ka mkono. Unavurugia watu kwa kukodi, msimu ukiisha unabeba matofali. Rejesho halisubiri mpunga.

Mama Saro: Mwanangu, na mbolea atanunua nani? Mimi bila mbolea gunia hazifiki nusu.

Bwana Shamba Mstaafu: Ombeni marejesho yaanze baada ya mavuno, yaandikwe kwenye mkataba. Mpunga pelekeni ghala la ushirika, msiuze Juni wakati wa mavuno.

Mzee wa Mfereji: Ada za shule zinasubiri ghala?

Jaruba Kavu: Bwana Shamba, hilo la mkataba linaombwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, au tupande wilayani? Fomu yetu bado ninayo mkononi.