Tupeane uzoefu: siku ya kutembezwa mjini na wenyeji, watoto wakiwemo

Mpwani wa Bara
Hamjambo wadau. Kuna ile safari ambapo wewe, mwenzio na watoto mnafikia kwa marafiki katika mji msioujua, na kukicha wenyeji wanaamua kuwatembeza. Leteni zenu, tamu na chungu. Naanza mimi.

Tulitoka Mombasa tukafikia Kisumu kwa rafiki yangu wa tangu chuo. Bwana yule alikuwa na ratiba: Makumbusho, Impala ile hifadhi ndogo ya wanyama, Dunga ufukweni kwa wavuvi, kisha yale mawe makubwa ya Kit Mikayi nje ya mji kabla jua halijazama. Mkewe akamwambia, "Baba Pacha, hawa ni wageni au mizigo?" Kit Mikayi ikafutwa papo hapo. Mungu ampe umri mrefu mama yule.

Makumbusho watoto waliganda kwenye nyoka, hawabanduki. Sisi wazazi tukapotelea kwenye boma la Kijaluo lililojengwa mle ndani, nyumba ya mke mkubwa ikitazama lango. Wake wawili tuliokuwa nao walilikagua boma lile kwa maswali ambayo mimi na Baba Pacha tulijifanya hatuyasikii.

Dunga ndiko siku ilikonoga. Mwanangu alichovya kidole ziwani, akakilamba, akapaza sauti: "Baba, hayana chumvi!" Wavuvi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Halafu chakula: unachagua samaki wako akiwa mbichi, mnapatana bei kwa ukubwa wake, kisha mnasubiri. Na mnasubiri kweli. Sisi wa Pwani tumezoea samaki wa nazi na wali, lakini ngege (tilapia) yule wa mchuzi wa nyanya na ugali wa moto alitunyamazisha wote. Binti yangu anayechambua miiba kama daktari wa upasuaji alimaliza wa kwanza.

Mama Wawili
Hapo Impala mmepita haraka, au tumbili waliwahurumia? Swala wanajitembelea, simba na chui wako ndani ya uzio, kwa hiyo mtu unajisahau. Shoga yangu mwenyeji alituonya tusifungue mkoba wa chakula. Mume wangu akasema tumbili ni wadogo tu. Mkate wote ulikwenda juu ya mti, na tukatazamwa ukiliwa.

Jirani wa Menengai
Mimi naongea kama mwenyeji, Nakuru. Wageni wangu wote hufika na picha moja kichwani: ziwa la waridi, heroe wamejaa hadi maji hayaonekani. Sasa maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, hata lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa ikabidi lihamishwe. Heroe hula mwani mdogo unaopenda maji ya magadi. Maji yakiongezeka magadi yanazimuka, ndege wanahamia kwingine, wengi Ziwa Bogoria. Kwa hiyo nawaambia mapema, wakiwa bado nyumbani: tunaenda kuona vifaru na twiga, heroe wakiwepo ni bahati. Watoto ukiwaahidi kifaru hawanuni.

Na malipo ya mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipeni kabla ya kutoka nyumbani, msije mkasimama langoni mkitafuta mtandao huku watoto wanalia jua. Nikiwa na wageni wenye wazee nawapeleka kreta ya Menengai tu: gari linafika ukingoni, bonde lote liko chini yako, na hakuna anayechoka.

Kijana wa Ahero
Mpwani, Kit Mikayi mmeikosa lakini mlifanya vyema kutoisukuma jioni. Iko kama kilomita 29 kutoka mjini, njia ya Bondo, na inataka asubuhi yake. Mawe yamepandana, unapenya katikati kwa kuinama, na mara nyingi utakuta watu wanasali, kwa hiyo watoto wapunguze sauti. Wazee husimulia kuhusu mzee aliyeshinda pangoni kutwa, mkewe akimpelekea chakula huko. Akiulizwa mumeo yuko wapi, anajibu: yuko kwa mke wake mkubwa. Ndiyo maana ya jina lenyewe, jiwe la mke mkubwa. Dada zangu husimulia hiyo huku wakiwakodolea waume zao.

Nauli Juu Yangu
Mbona hamsemi nani alilipa?

Mpwani wa Bara
😂 Swali la kikatili. Baba Pacha alikataa katakata nisitoe hata ya tuktuk. Mke wangu akapita dukani na Mama Pacha "kuangalia leso", wakarudi na unga, mafuta na sukari ya mwezi. Wanaume hatukuulizwa.

Mama Wawili
Ndivyo inavyofanywa. Na mashua je? Nina wangu wa miaka minne, naogopa.

Mpwani wa Bara
Nenda asubuhi, upepo wa mchana huleta mawimbi. Patana bei ya mashua nzima kabla hamjapanda, si ya kichwa. Na uulize kama wana jaketi la uokoaji la saizi ya mtoto. Kama yote ni ya watu wazima, kaeni ufukweni mle samaki.