Nembo ya hii studio inafanya kazi kuliko gemu yenyewe, wametuona sisi mazezeta

Kidole Chuma
Wakuu naandika nikiwa nimevimba na sina mpango wa kupoa. Sitaji jina, mnawajua wenyewe, ile studio ambayo hata wakitoa trela ya jiwe limekaa tu kuna watu watatokwa na machozi. Gemu yao imetoka leo na mimi nilishailipia tangu siku waliyofungua oda, sikusubiri mchambuzi, sikutazama hata dakika moja ya mtu akiicheza, kwa sababu ni WAO. Hawa ndio walikuwa hawakosei.

Nafungua. Inakuja nembo. Ile ile, muziki wa taratibu, mwanga unapita juu ya herufi, ila safari hii chini wameongeza maandishi: "Asante kwa kutuamini." Ikafifia vizuri kabisa, menyu ikaja, nikabonyeza kuanza, PAAA, nimetupwa nje. Nafungua tena. Nembo. Asante kwa kutuamini. Menyu. Nje. Na hiyo nembo HAIRUKWI, nimebonyeza kila kitufe, kibodi nzima nimeilalia na kiwiko, inaendelea tu kuniimbia.

Ikaja kukubali, shujaa anamuaga mama yake anayekata roho, tukio ambalo limepambwa kwenye trela zote, na shujaa hana uso. Macho mawili na meno yanaelea hewani. Mama naye kazama kitandani mpaka kidevuni, yaani seti ya meno inambembeleza kidevu kisife. Nikasema sawa, nitavumilia, nikafungua mlango, PAAA, nje. Nembo. Asante kwa kutuamini!!

Duka lao la nguo za shujaa humo ndani ya gemu linafunguka bila kugoma hata sekunde. Uso hana lakini koti la ziada unaweza kumnunulia.

Gemu huwezi kuionja kabla hujalipa, unachoshika mkononi ni jina la waliotengeneza, basi. Ndiyo maana hicho kisentensi kimeniuma kuliko hitilafu zote. Ungeniandikia "tunaomba radhi" ningelala. Unaniambia asante kwa kutuamini halafu sekunde hiyo hiyo unanitoa nje kwa mateke!

Bosi Wa Mwisho
Mkuu umelipia kitu ambacho hakijakuwepo, umepewa kitu ambacho hakipo. Tatizo liko wapi hapo

Binti Kibodi
Uzi bila picha ni majungu. Tuwekee hayo meno.

Padi Imechakaa
Mimi nimekaa hapa nasoma komenti tu. Na mimi nimelipia, sijafungua bado, sasa hivi naogopa hata kuigusa.

Mzee Modemu
Vijana mna usahaulifu mbaya sana. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilikuwa na oda milioni 8 kabla haijatoka, na watu hawakuwa wanalipia gari wala roboti za kwenye trela, walikuwa wanalipia The Witcher 3 ya 2015, gemu ya studio hiyo hiyo. Ikatoka tarehe 10 Desemba 2020 imejaa hitilafu, mwezi huo huo Sony wakaiondoa kwenye duka lao la PlayStation Store, ikarudi Juni 2021. Mlilia humu humu mkaapa kwamba hamtalipia tena kitu kabla hakijatoka. Mmelipia tena.

Kidole Chuma
Mzee heshima yako ila hao walau gemu yao ilikuwa inafunguka. Mimi naimbiwa nembo. Naongelea NEMBO.

Shabiki Sugu
Kila siku Cyberpunk Cyberpunk. Walikaa wakaitengeneza miaka, ukiicheza leo unaweka padi chini unapiga makofi. Na No Man's Sky je? Agosti 2016 ilitoka pungufu, walioitengeneza wakatukanwa mpaka wakanyamaza kabisa, wakawa wanatoa apdeti bila kudai hela ya ziada, mwaka baada ya mwaka, leo wakitangaza kitu watu wanawasikiliza. Wapeni watu muda bwana.

Bosi Wa Mwisho
Wapewe muda ndiyo, na hela wapewe baada ya huo muda

Binti Kibodi
Shabiki Sugu ukilipia kiti chenye mguu mmoja utakaa ukisubiri apdeti ya miguu mitatu?

Shabiki Sugu
Dada mimi sijaongea na wewe.

Kaka Wa Savepointi
Mleta mada rudisha, acha kelele. Steam, duka la gemu la mtandaoni, masharti yanajulikana, ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe hujafikisha saa 2 za kucheza, unarudishiwa hela yako.

Kidole Chuma
Kaka saa zimeshapita!! Saa zenyewe zimekwenda kwenye kuandaa sheda, zile programu za kuchora picha inazopika kabla haijaanza, na kutazama nembo. Duka linahesabu nimecheza. Nimecheza nini, nimetembea hatua mbili mpaka mlangoni! Yaani kila wanaponitupa nje na kuniambia asante kwa kutuamini saa yangu inazidi kuliwa.

Padi Imechakaa
Hahaha kwa hiyo nembo ndiyo imekula rifandi. Hawa wameipiga hesabu.

Nyuki Wa Usiku
Mnachosahau ni kwamba jina la studio ni bango tu, waliokuwa ndani wameshatawanyika. Mimi huwa natazama majina ya mwisho wa gemu, nani kaandika, nani kaongoza, halafu naangalia kama bado wapo. Kojima, aliyeongoza gemu za Metal Gear, alipoachana na kampuni ya Konami 2015 jina la Metal Gear lilibaki kwao, 2018 wakatoa Metal Gear Survive na kila mtu aliyeigusa aliona pengo. Mwenyewe akaenda kufungua studio yake, 2019 Death Stranding, gemu ya kubeba mizigo na kutembea, watu wakanunua kwa sababu ya mtu mmoja. Studio ya BioWare nao, jina la Mass Effect na Dragon Age, Februari 2019 wakaja na Anthem, ikavunja watu moyo. Hao mnaowalilia leo, walioandika ile gemu yenu pendwa wengi walishaaga. Mmenunua bango.

Mzee Modemu
Hii ndiyo komenti ya uzi. Wengine mfunge mdomo.

Bosi Wa Mwisho
Mkuu Nyuki gemu yenyewe haifunguki, hayo majina ya mwisho atayafikia lini

Shabiki Sugu
Sasa Nyuki, Sandfall walikuwa na majina gani? Clair Obscur: Expedition 33 ndiyo gemu yao ya kwanza, Aprili 2025, studio ya Ufaransa ambayo hakuna mtu alikuwa anaijua, na watu wamenunua. Tukienda kwa majina tu wapya watakula nini.

Nyuki Wa Usiku
Watu waliona inachezwa ndiyo wakanunua. Soma nilichoandika halafu urudi.

Msubiri Milele
Nyie mnalia ya leo. Sisi wa gemu ya Silksong tulitangaziwa 2019 tukakaa mpaka Septemba 2025, na siku ya kutoka maduka yakalemewa hata kununua haikuwezekana, Steam ikawa inatoa maandishi ya makosa tu. Miaka sita ya kusubiri halafu mlangoni foleni.

Binti Kibodi
Lakini ilipofunguka uso ulikuwepo. Team Cherry walioitengeneza ni watu wachache, walikaa kimya, hawakuuza makoti.

Msubiri Milele
Kimya chenyewe ndiyo kilituua!!

Seva Imezimwa
Afadhali nyie gemu zenu zipo. Kampuni ya Ubisoft tarehe 31 Machi 2024 walizima seva za gemu yao ya magari, The Crew, na hata sehemu ya kucheza peke yako ikafa nayo, mtu alinunua kihalali ana diski mkononi amebaki na sahani ya kung'aa. Huo ndio uzi tunaopaswa kufungua, siyo mambo ya meno.

Padi Imechakaa
Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Sinunui tena kitu kinachodai intaneti muda wote.

Kidole Chuma
Wametoa apdeti sasa hivi. GB 40. Nimeshusha. Uso umerudi, mama kapotea kabisa, anaagana na shuka. Nembo iko pale pale na bado hairukwi!!!

Mzee Modemu
GB 40 za nini? Zamani gemu nzima ilikaa kwenye diski moja ukaondoka. Siku hizi unaomba ruhusa ya diski kuu kwanza, unafuta picha za harusi ili mtu mmoja akimbie msituni.

Kaka Wa Savepointi
Kweli kabisa mzee, na sauti za lugha zote wanakushindilia hata usizozijua.

Seva Imezimwa
Tukiacha hayo, gemu gani nzuri ya watu wawili skrini moja? Ya kucheza na mke wangu, yeye hapendi bunduki.

Binti Kibodi
It Takes Two, ya 2021. Mkiimaliza bila kununiana njoo uniambie.

Msubiri Milele
Studio ya Hazelight hao. Wakitoa chochote mimi nalipia nimefumba macho.

Seva Imezimwa
Inakula GB ngapi?