Tupeane uzoefu: kwenye Linux yako unafanyia bakapu mafaili yapi?

Steshenari_Mwanjelwa: Wakuu, mvua ya juzi hapa Mbeya ilishuka na radi, ikaondoka na diski ya seva yangu. /home, folda ya mafaili binafsi, nilikuwa nayo kwenye diski ya nje, nikajiona mjanja. Ubuntu mpya niliiweka chini ya saa moja. Kilichonila siku tatu ni /etc, folda ya mipangilio: ya Samba (ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao), printa, anwani za mashine za kaunta. Vyote nilivichonga kwa mkono miaka na miaka, nusu yake sikumbuki. Na ukiipima /etc nzima inaenea hata kwenye flashi kuukuu! Nyie mnabeba nini, mnaacha nini?

Mnyalu_Kihesa: Kamwene. Mimi nilikosea kinyume chako, nilibeba kila kitu. Nikaiambia tar, amri ya kufunga mafaili mengi kuwa faili moja, ianzie / (mzizi wa mafaili yote), nikaenda kulala. Asubuhi diski ya nje imejaa pomoni, bakapu haijaisha. Kumbe ilikuwa inahangaika na /proc/kcore, faili linalojitangaza kuwa na ukubwa wa TB 128. Vilivyomo /proc na /sys havipo hata kwenye diski, kerneli, yaani kiini cha Linux, inavitunga mashine ikiwa inawaka. Ruka hizo, na /dev, /run na /tmp.

Dada_Tukuyu: Mimi niliiacha /var nikidhani ni logi tu. Seva ilikuwa ya chama cha kuweka na kukopa, na databesi yao ya MySQL inakaa /var/lib/mysql. Marejesho ya wiki mbili mhasibu aliyaingiza upya kutoka kwenye daftari, mimi nikimsomea, chai hakunipa. Halafu msinakili folda hiyo databesi ikiwa inafanya kazi, nakala inatoka mbovu. Tumieni mysqldump, amri ya MySQL ya kutoa nakala. Kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, nazo zimo /var/spool/cron, watu wanazisahau.

Mbao_Mafinga: Ongezeni /usr/local na /root, ndiko skripti zetu za usiku zinakolala. Zaidi ya yote, msimwage /etc kwenye flashi ya FAT (mpangilio wa mafaili wa flashi nyingi) hivihivi. FAT haijui mwenye faili wala ruhusa zake. Nilivyorudisha, sudo, amri ya kupata mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), ikagoma: faili lake la sudoers si la root tena. Funga kwa tar kwanza, ndipo upeleke kwenye flashi. Na flashi hiyo usiisahau kaunta, /etc/shadow, faili la pasiwedi zilizofichwa, imo.

Steshenari_Mwanjelwa: Asanteni. Programu zenyewe mnazibeba?

Mbao_Mafinga: Za nini mkuu, zinapakuliwa. Beba orodha tu, dpkg --get-selections inakupa.

Steshenari_Mwanjelwa: Poa. Nimebahatika kupata /etc ya mwaka juzi kwenye laptopu ya mdogo wangu. Naimwaga yote ilivyo.

Dada_Tukuyu: Subiri kaka! Usiguse fstab, faili ndani ya /etc linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka. Diski mpya ina UUID yake, yaani namba ya utambulisho; fstab ya zamani itaitafuta diski iliyokufa.

Steshenari_Mwanjelwa: Dada, naandika kwa simu. Seva nimeshaiwasha upya, imeganda kwenye maandishi meupe, inadai pasiwedi ya root.