Mdogo wangu anatoka hospitali na kiti mwendo: nyumba ya Tandika au ya Chamazi?

mshonaji_tandika

Habari zenu wadau. Naomba mawazo, nimebakiwa na siku kumi na moja tu za kuamua.

Mdogo wangu ana miaka 26, ni mkwezi wa nazi kwetu Mkuranga. Mwezi wa tatu alianguka, mnazi ulikuwa umelowa mvua. Uti wa mgongo umeumia sehemu ya chini, kwenye pingili ya 12. Mikono ni mizima kabisa, ina nguvu kuliko yangu, ila kuanzia nyonga kwenda chini hasikii kitu. Amepewa kiti mwendo. Jana nilikipima kwa futi kamba yangu ya kushonea: kutoka ukingo wa gurudumu hadi ukingo wa pili ni sentimita 64.

Mama anataka arudi kijijini. Kule uwanja ni mchanga mtupu, choo kiko nyuma ya migomba, na kliniki yake iko huku Dar. Nimekataa, na mama bado ana kinyongo na mimi.

Nyumba ya kwanza ni hii ninayokaa Tandika, chumba cha pili kutoka changu kimeachwa wazi. Kodi 70,000 kwa mwezi. Hakuna ngazi, kuna kizingiti cha sentimita 6 tu. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo nitakuwa naye kutwa. Ubaya wake ni choo. Kiko uani, cha kuchuchumaa, tunakitumia kaya sita na maji tunachota kwenye pipa.

Ya pili iko Chamazi. Vyumba viwili na sebule, choo cha kukaa kiko ndani, bomba lipo na tangi lipo. 150,000 kwa mwezi, anataka ya miezi sita, na dalali anachukua mwezi mmoja, jumla 1,050,000. Hela hiyo ninayo, ni mchango wa ukoo na ya mchezo wangu. Lakini mbele kuna ngazi tatu, nimepima sentimita 48 kwenda juu. Mlango wa choo ukiufungua unabaki uwazi wa 68. Kutoka lami hadi pale ni mchanga, kama hatua mia mbili. Na mchana mimi nitakuwa Tandika, yeye peke yake.

Moyo wangu uko Tandika kwa sababu nitaweza kumbeba. Hospitali nimeshambeba mara mbili kwenda chooni, ana kilo 58, naweza. Ila kila nikimbeba anageuza uso, haniangalii.

Mliopitia haya, mliangalia nini kwanza?

magurudumu_kimara

Pole sana dada, na kijana mpe pole yangu. Mimi niko kwenye kiti mwaka wa tisa sasa, ajali ya pikipiki. Nimehama nyumba nne, na tatu za mwanzo nilizichagua kwa kuangalia sebule.

Anza na choo. Mtu aliyeumia hapo alipoumia yeye, mara nyingi hufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6. Muulize muuguzi kama ndivyo kwake. Kama ndivyo, hesabu ni mara ngapi kwa siku atahitaji mikono misafi, mwanga wa kutosha na dakika kumi bila mtu kugonga mlango. Kwenye choo cha kaya sita nilishaishi. Nilijizuia kunywa maji ili nisiende mara kwa mara, nikapata maambukizi ya mkojo, homa kali, nikarudishwa wodini mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Najua watu watakwambia ununue kiti cha plastiki, ukate tundu, ukiweke juu ya choo cha shimo. Miguu ya plastiki inateleza kwenye saruji yenye maji. Na ule ukingo uliokatwa kwa kisu, yeye hausikii ukimkata. Kidonda kikianza makalioni, kukiponya ni miezi ya kulala kifudifudi. Ukikosa namna, mchomelee fremu ya chuma na uivalishe sponji.

Kingine ni mlango. Kiti cha 64 kwenye uwazi wa 68 kinapita, lakini mikono iko nje ya magurudumu, vidole vitakwaruza kila siku. Tafuta namna ya kufika 80. Na ndani ya choo, kiti kinahitaji nafasi ya sentimita 150 ili kigeuke chote. Nyumba nyingi za kupanga hazina hiyo, basi angalau aweze kuingia kwa mbele, ajihamishie chooni, atoke kinyumenyume. Kiti cha choo kilingane kimo na mto anaokalia, asiwe anapanda mlima.

Mimi nilikuja Kimara kwa ajili ya mwendokasi. Kituo kina mteremko na sakafu ya basi iko sawa na jukwaa, nasukuma mwenyewe naingia. Huko kwenu sikulazimishi, lakini ujue kwamba nyumba ya mtu wa kiti haiishii mlangoni, inafika hadi lami.

Sasa hilo la kumbeba. Dada, umepima kila kitu kwa futi kamba, umeandika kodi, umeandika hadi uzito wake. Hujaandika yeye anataka ipi. Je, umemuuliza?

bi_mkubwa_tmk

Mwanangu, usidharau majirani. Mume wangu alipopata kiharusi watoto walituhamishia nyumba ya geti, vigae kila mahali, choo kizuri. Alikaa miezi minane anaangalia ukuta. Hakuna aliyepita kumsalimu, kwa sababu huko kila mtu anafunga mlango wake. Tuliporudi uswahilini akaanza kucheza bao tena kwa mkono mmoja. Ningekuwa wewe ningebaki Tandika, na zile hela ningejenga choo uani.

fundi_zege

Shikamoo bi mkubwa. Wazo la choo lingefaa, ila nyumba si yake. Akijenga choo pale anamjengea mwenye nyumba, na kesho kodi inapanda.

Dada, nikusaidie hesabu za Chamazi. Rampu nzuri, kila sentimita moja ya kimo inataka 12 za urefu. 48 mara 12 ni 576, karibu mita sita. Wengi wanamwaga zege la mita mbili halafu mgonjwa anahitaji vijana wawili wa kumsukuma. Hiyo si rampu. Kutoka ngazi hadi geti kuna mita ngapi? Kama hazifiki, ikunje: mkono mmoja wa mita 2.88 kando ya ukuta, kituo bapa cha sentimita 150 kwa 150 cha kupumzikia na kugeukia, kisha mkono wa pili. Na pale juu mlangoni pawe bapa pia, asifungue kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Upana usipungue mita moja, pembeni inua kingo ya sentimita 10 gurudumu lisichomoke. Juu usipige niru wala vigae, pitisha ufagio zege likiwa bichi ili lishike tairi.

Zege limwagiliwe maji siku saba kabla hajalikanyaga. Wewe una kumi na moja. Kama ni Chamazi, fundi aanze wiki hii.

Choo: ng'oa mlango, weka pazia, unaongeza karibu sentimita 4. Ukitaka 80 lazima fremu itoke na ukuta ukatwe, hapo omba ruhusa. Bomba la kushikilia tumia la chuma la inchi moja na robo, boliti zipite ukuta mzima na upande wa pili ziwe na bamba. Skrubu za kawaida kwenye tofali za saruji zinang'oka siku anapoegemea uzito wote.

Na kila mnachokubaliana na mwenye nyumba kiandikwe kwenye mkataba: rampu, ukuta, nani analipa, na mkihama inakuwaje. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imegusa majengo yanayotumiwa na umma, lakini kwa nyumba ya kupanga tegemea karatasi mliyosaini.

mshonaji_tandika

Asanteni sana. Kaka wa Kimara, nilisoma swali lako nikafunga simu, nikakaa. Sikuwa nimemuuliza.

Nimemuuliza jana asubuhi. Akasema, "Nipeleke nikaone." Hospitali wakaturuhusu kwa saa nne, tukachukua bajaji, kiti tumekikunja nyuma.

Tandika kizingiti alikipanda mwenyewe, anainua magurudumu ya mbele, ameshafundishwa. Akaenda mpaka uani, akakitazama choo kutoka mlangoni. Hakusema kitu. Akageuza kiti.

Chamazi magurudumu ya mbele yalizama mchangani hatua ya tano. Nikashika mikono ya kiti, akaniambia niache. Akageuka kinyumenyume, makubwa yakatangulia, akajivuta mwenyewe hadi kivulini, jasho linamtoka. Vijana wawili wakampandisha ngazi. Chooni vidole vilikwaruza kweli, kiwiko kikatoka damu kidogo. Akajihamishia kwenye choo akiwa na nguo zake, akarudi kwenye kiti, akarudia tena. Halafu akafungua bomba la sinki akanawa mikono, na alikaa pale muda mrefu.

Amechagua Chamazi. Mama mwenye nyumba amekubali tukate ukuta, na gharama ya rampu itakatwa kwenye kodi kuanzia mwezi wa saba wa kukaa pale, ile miezi sita ikiisha. Imeandikwa. Kutoka ngazi hadi geti ni mita nne, kwa hiyo fundi wangu anaikunja kama alivyosema fundi_zege, anaanza kesho.

Bi mkubwa, maneno yako sijayatupa. Nyumba inayofuata kuna kijiwe cha kahawa chini ya mwembe, nimewasalimu, wameshamuuliza kama anacheza bao. Baada ya miezi sita nataka nami nihamishe cherehani.

Kaka wa Kimara, kuna jambo anauliza mwenyewe: akianguka kutoka kwenye kiti na hakuna mtu ndani, anarudije juu?

magurudumu_kimara

Mwambie atafute kigoda cha jikoni kipana, akivalishe mto, kikae chumbani siku zote mahali anapokifikia akiwa sakafuni. Kwanza afunge breki za kiti. Kisha mkono mmoja kwenye kigoda, mwingine sakafuni, ajisukume hadi akikalie. Apumzike hapo. Halafu mkono kwenye kigoda, mwingine kwenye kiti, ainamishe kichwa mbele na chini, makalio yatapanda. Baadaye ajikague ngozi kwa kioo, asitegemee maumivu kumwambia. Mikono ya mkwezi itaweza, ila ajifunze kwanza na mtu wa mazoezi kabla hajatoka wodini, siku ya kuanguka isiwe ndiyo ya kwanza kujaribu.