Mrejesho: Corolla iliyokuwa haipandi vilima

Assalam aleikum. Ndimi niliyeuliza kwa nini Corolla yangu yenye injini ya 4A-FE inachemsha na kukosa nguvu kwenye vilima vya Chake kwenda Wete, huku Pemba, ilhali taimingi (wakati wa cheche kuwaka) nimeseti digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kumbe kosa langu! Sikuunganisha kwa waya TE1 na E1, yale matundu mawili ya soketi ya uchunguzi wa injini, kwa hiyo zile 10 nilizoziona zilikuwa pamoja na digrii zinazoongezwa na kompyuta ya gari. Cheche yenyewe ikichelewa. Jana nimeunganisha, injini ishapata moto, nikalegeza bolti za distribyuta (kigawa cheche) nikaizungusha kidogo kidogo (mkono umeungua, lakini basi) hadi alama ya puli ikakaa kwenye 10. Nilipochomoa waya digrii zikapanda zenyewe. Leo nimepanda na abiria wanne, haikuchemsha. Fundi aliyetaka kufungua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) nimemwambia asubiri kwanza.