Kampuni ya teknolojia ambayo bado haijapata faida: tupime kwa mauzo au kwa pesa za miaka ijayo?

HesabuKwanza: Kampuni ya programu hapa Nairobi inauza Sh1 bilioni kwa mwaka, inakua asilimia 30, faida bado. Wenye hisa wanataka mara 5 ya mauzo, yaani Sh5 bilioni. Mngepima vipi?

KaraniNgara: Bei kwa faida, yaani bei ya kampuni ni mara ngapi ya faida yake ya mwaka, haitumiki penye hasara. Mara ya mauzo ni ya haraka, ila haionyeshi kinachobaki. Kampuni za malipo ndizo za kuchunguza zaidi: ikipitisha Sh10 bilioni na kukata asilimia 1.5, mauzo yake ni Sh150 milioni. Ile bilioni 10 ni pesa ya watu.

MwanahisaEmbakasi: Piga hesabu ya miaka 5. Kwa ukuaji wa asilimia 30, mauzo yanafika Sh3.71 bilioni. Faida ikiwa asilimia 15, ni Sh557 milioni. Tuseme mnunuzi wakati huo atalipa mara 12 ya faida: Sh6.68 bilioni. Ukitaka pesa yako ikue asilimia 20 kwa mwaka, gawanya kwa 2.488, yaani 1.2 ikizidishwa yenyewe kwa miaka 5. Thamani ya leo ni Sh2.69 bilioni. Ukuaji ukishuka hadi asilimia 20, unabaki na Sh1.8 bilioni tu, na hapo hatujatoa hasara za miaka ya katikati. Bilioni 5? Labda wamuuzie mgeni.

KaraniNgara: Na wafanyakazi wakilipwa kwa hisa, idadi ikapanda asilimia 5 kila mwaka, gawanya tena kwa 1.276, yaani 1.05 kwa miaka 5. Ile 2.69 inakuwa 2.11.

BibiHisa: Bei kwa faida msiitupe, jamani. Safaricom ina faida, lakini tangu ianze huduma Ethiopia Oktoba 2022, hesabu ya jumla imebeba hasara za kuanzisha. Pima Kenya peke yake na Ethiopia peke yake, kisha ujumlishe. Ethiopia kuna wenyehisa wengine, kwa hivyo chukua fungu la Safaricom pekee.

HesabuKwanza: Hiyo asilimia 20 inatoka wapi?

MwanahisaEmbakasi: Anza na riba ya bondi ya serikali ya miaka 5, uongeze ya hatari. Mauzo ya shilingi yaende na riba ya shilingi. Ukiweka ya dola, ambayo huwa ndogo, thamani inavimba bure.

BibiHisa: Kabla ya kutaja bei, itisha orodha ya wateja kwa mwezi waliojiunga. Kati ya 100 wa Januari wakibaki 60 Desemba, ukuaji huo unanunuliwa kwa matangazo. Hapo hata 1.8 ni nyingi.