Mtoto wa miaka miwili na simu: kikomo ni kipi?

Mama wa Kisauni anauliza:
Assalamu aleikum. Mwanangu ametimiza miaka miwili. Mavyaa wangu, ambaye hushinda naye mimi na mume wangu tukiwa kazini, humwekea katuni kwenye simu kila anapomlisha, kwa kuwa bila hizo hafungui kinywa. Na akimwona anavyopitisha picha kwa kidole, humsifu kwamba ana akili. Mimi nina wasiwasi, maana akinyang'anywa simu hulia mpaka sauti ikamkauka, na maneno yake bado ni machache mno. Nifanyeje bila ya kumvunjia mzee heshima?

Mwalimu wa chekechea, Likoni:
Dada, wasiwasi wako una msingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa. Lugha mtoto huipata kwa kujibizana na mtu. Akisema "maji", aulizwe kama ni ya kunywa au ya kuoga, kisha angojewe ajibu, na katuni haimngoji. Hata hivyo, usiilaumu simu peke yake: mpeleke kliniki apimwe masikio.

Baba wa Tudor:
Nakubaliana na Mwalimu, ila tusiyaweke yote katika kapu moja. Mke wangu anafanya kazi Qatar, na binti yetu humwona mamake kwa simu ya video kila jioni, wakazungumza na kuimbiana. Siwezi kuyahesabu hayo sawa na katuni.

Nyanya wa Mji wa Kale:
Mwanangu, mavyaa wako si mkaidi, huenda amechoka. Kumkimbiza mtoto wa umri huo na bakuli la uji, na magoti yanauma, si kazi ndogo. Mumeo ndiye azungumze naye, kwa kuwa ni mamake. Anzeni na chakula cha usiku, mnapokuwa nyumbani nyote: simu zenu pia ziwekwe mbali, mtoto akalishwe penye sinia pamoja nanyi, ale kwa mkono wake hata akimwaga. Atalia siku za mwanzo, nanyi msimrudishie. Chakula cha mchana kifuate akishazoea.